Kiti cha Pili cha Fundi Inchi

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mume wangu alianza kuota upara akiwa na miaka ishirini na saba, nami nikaolewa naye nikiuona kwa macho yangu mawili, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Ni fundi nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana: vyerehani vitatu, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na sanamu la kike la kujaribishia nguo, lisilo na kichwa. Yeye anakata na kushona. Mimi ni wa vifungo, pindo na pasi, na pia ni wa kuwaambia wateja kwamba nguo imebaki kupigwa pasi tu, wakati kitambaa hakijatoka hata kwenye mfuko. Mtaa mzima unamwita Fundi Inchi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni na hakiamini kitu mpaka akipime. Tuliponunua friji alipima mlango wa jikoni, akapima friji, halafu akampima mabega yule jamaa aliyekuja kulibeba. Likapita. Kila kitu chake hupita. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa nilikuwa sijamwona akikosea kipimo, na hilo ndilo lililokuwa likinichosha. Ukiishi na mtu asiyekosea, lile neno tamu la "si nilikwambia" litakuozea mdomoni.

Sasa, pikapu letu la zamani lilikufa. Lilibeba majora ya vitambaa, sare za shule, magodoro, na mabinti wetu wawili mpaka walipokua wakaondoka kwenda kwenye maisha yao. Lilipokufa tulikubaliana atafute jingine, gari la kazi. Nilimwambia kwa kinywa hiki, "Lete kitu kinachobeba." Akaondoka asubuhi na futi yake shingoni. Mimi nilibaki nashona shanga kwenye shela la bibi harusi, moyo umetulia kabisa.

Alasiri nikasikia mngurumo nje. Nilipotoka nilikuta kitu chekundu kimelala chini mbele ya mlango, kifupi, paa limekunjwa na kufichwa nyuma, na ndani yake mume wangu amekaa kichwa wazi, upara unang'aa. Kilikuwa gari la michezo, la viti viwili.

"Gari liko wapi?" nikamuuliza.

"Si hili hapa, mke wangu."

"Hiki ni kiatu. Nakuuliza gari."

Hakukasirika. Alitoa daftari lake la vipimo. Alikuwa amelipima lile gari ndani na nje kama anayelishonea koti. Kwenye buti, akasema, linaingia jora moja likikunjwa mara mbili, au suti nane, au sketi za shule arobaini. Kiti cha pili kinabeba kilo tisini. Chini ya boneti kuna injini ndogo isiyokula mafuta.

"Na watu?"

"Watu tuko wangapi nyumbani?"

Swali hilo sikulipenda. Nilirudi ndani nikachukua chaki ya kukatia, na palepale ukutani kando ya kioo nikaandika masharti, kwa herufi ambazo hata mteja asiye na miwani angesoma. Gari hili likishindwa kazi moja tu ya nyumba hii, au tukilazimika kukodi gari la mtu mwingine hata mara moja kabla shule hazijafunguliwa, linauzwa, na linalofuata nachagua mimi. Zilikuwa zimebaki wiki sita, na ni wiki za sare, ambapo hatupumui. Akasoma mara mbili, akakubali. Kisha nikamwambia kwa mdomo kwamba mimi mwenyewe sitalipanda.

"Kwa nini?"

"Sipendi tu."

Ukweli ni kwamba nyonga yangu ya kushoto iliharibika nilipomzaa binti yetu wa pili. Kukaa chini kabisa naweza. Kuinuka ndiyo kesi. Niliona wazi kwamba nikitumbukia kwenye kile kiatu nitatolewa na wanaume wanne, mtaa mzima ukiangalia. Hilo sikumwambia. Ningemwambia angeleta futi.

Jumapili ile ya kwanza alijifungia kwenye banda la gari kutwa nzima. Nilimsikia akigonga, akinyamaza, akigonga tena. Nikajua anang'arisha chuma chake. Kuanzia siku hiyo, kila alipotaka kuweka kitu kwenye kiti cha pili, kwanza alikitandika shuka lililokunjwa mara nne, akalinyoosha kwa kiganja. Mtungi wa gesi ulikaa juu ya shuka, umefungwa mkanda, umetulia kama shangazi anayekwenda kwenye posa. Gunia la unga pia, juu ya shuka. Mimi mwenyewe hajawahi kunitandikia shuka tangu tuoane, nikawa namtazama dirishani nikiuma sindano.

Lakini kazi ilifanyika, sharti niseme kweli. Kwenye matuta ya barabarani alipita kwa upande upande, gurudumu moja baada ya jingine, kama kaa, na nyuma yake foleni inapiga honi mpaka masikio yanazibuka. Sokoni alijibana kati ya pipa la taka na nguzo, mahali ambapo pikapu letu lisingeweka hata kioo cha pembeni. Magodoro aliyaleta paa likiwa wazi, yamesimama wima kwenye kiti, yeye haonekani. Majirani walidhani godoro linajiendesha.

Wiki ya tatu alipeleka gauni la harusi. Lilikuwa na mkia mrefu, na kulikunja ni kuliua. Akalivika sanamu, akalikalisha sanamu kwenye kiti cha pili, akalifunga mkanda, akafungua paa ili mabega yapate nafasi, akaondoka. Haikupita nusu saa simu yangu ikalia. Alikuwa jirani yetu muuza vyombo.

"Shemeji, uko wapi?"

"Niko nyumbani."

"Kaa chini kwanza. Umekaa? Mumeo nimemwona hapa kwenye taa. Yuko na bibi harusi ndani ya gari."

"Ana kichwa?"

"Nani?"

"Huyo bibi harusi. Ana kichwa?"

"Kusema kweli, shemeji, kichwa sikukitazama. Nilitazama mkono wa fundi. Alikuwa amemshika kiuno."

"Anashikilia pini," nikamwambia. Haikusaidia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja; mpaka jioni watu watatu walikuwa wamenipa pole, na mmoja alikuja na sahani ya maandazi.

Wiki ya nne ndipo Fundi Inchi alipokosea. Alikuwa na mapazia ya ofisi moja, mzigo mzima, pamoja na fimbo zake ndefu za kutundikia. Mapazia aliyapanga kwenye buti, yakaenea sawasawa na daftari lilivyosema. Fimbo zikawa ndefu. Akasema si neno, anafungua paa zisimame wima. Akabonyeza kitufe. Paa likainuka kidogo, likatoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa, likakataa. Akabonyeza tena. Likakataa tena.

Nilisimama mlangoni na pasi mkononi. Nilimwona akitazama buti, akitazama paa, akitazama daftari, na taratibu nikaona uso wake ukielewa. Paa la gari lile likikunjwa linaingia kwenye buti. Ukilifungua huna buti, na ukitaka buti lazima paa lifungwe. Alilipima buti paa likiwa limefungwa. Hakulipima likiwa limefunguliwa. Na huyu ndiye mtu aliyewafukuza wanagenzi wawili kwa kupima suruali kwenye henga. "Nguo hupimwa mwilini!" huwapigia kelele. "Mwilini, mtu akiinama, akikaa, akiinua mkono!" Kinyozi hajinyoi.

Niliusubiri wakati huo kwa miaka ishirini na sita. "Si nilikwambia" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Lakini alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kibaraza, futi ameishika mikononi kama kamba ya mbuzi aliyepotea, na uso wake umekuwa mdogo.

"Peleka mapazia kwanza," nikasema, "halafu rudi uchukue fimbo. Mara mbili ni kazi moja."

"Na ukutani?"

"Ukutani hapakuandikwa mara ngapi." Nilirudi ndani nikaunguza kola ya shati kwa hasira. Nilijikasirikia mwenyewe.

Ikabaki wiki moja na nusu. Nilianza kuamini kile kiatu kingepita. Ndipo mama yangu akateleza bafuni akavunjika mguu wa kushoto.

Mama yangu ana miaka sabini na sita na ulimi wa miaka thelathini. Walimfunga plasta ngumu kuanzia nyongani hadi kisiginoni, mguu umenyooka kama ubao, na daktari akasema Jumamosi anatoka, akakae kwetu, na mguu usikunjwe hata kidogo. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

"Basi," nikamwambia mume wangu. "Hapo ndipo limefika. Nakodi gari."

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Mama yangu si mtungi wa gesi."

"Najua. Mtungi ni mfupi."

Akainuka kabla sijapata cha kumrushia. Nikamsikia kwenye chumba cha mbele anapiga simu wodini. Ana sauti ya upole sana akiongea na watu asiowajua. Alimwomba nesi, kama hatojali, ampimie mgonjwa wa kitanda cha sita, kutoka nyongani hadi kisiginoni, halafu upana wa mabega, halafu akiwa amelala chali ana urefu gani wote kwa jumla. Kisha nesi akapaza sauti mpaka mimi nikamsikia kutoka jikoni.

"Wewe kaka, huna haya? Mgonjwa mzima kabisa, amekunywa chai sasa hivi, na wewe unaanza kumchongea jeneza! Nani amekutuma?"

"Mimi ni mkwe wake."

"Ndiyo kwanza!"

Ilichukua robo saa kumtuliza. Mwishowe alipata alichotaka: inchi thelathini na nne na nusu. Akaenda bandani, akarudi, hakuniambia kitu. Mimi nami sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshaongea na dereva teksi, mtu mzima mwenye gari pana la milango minne. Nilijua maana yake. Teksi ile ikimbeba mama, gari linauzwa. Na niseme lililokuwemo moyoni: nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nimechoka kukitazama kile kiti cha pili kikitandikwa shuka kwa ajili ya kila mtu na kila kitu.

Jumamosi nilitangulia hospitali kwa basi, nikamwacha binti yetu mkubwa nyumbani, aliyekuja kumtandikia bibi yake. Mama alitolewa na kiti cha magurudumu mpaka kwenye ngazi za mbele, mguu umetangulia kama bunduki. Pembeni kulikuwa na mabegi yake mawili, magongo, na ndoo yenye vitu ambavyo alikataa kutueleza. Dereva teksi akafungua mlango wa mbele. Mguu ukagonga dashibodi. Akarudisha kiti nyuma mpaka mwisho. Mguu ukagonga dashibodi. Wakamjaribu nyuma, amekaa kwa ubavu. Mlango haukufunga, kisigino kiko nje.

"Tunaweza kufungua dirisha," akasema dereva, "mguu ukapita hapo. Nitaendesha polepole."

"Mwanangu," akasema mama, "mimi ni mgonjwa, si ubao wa matangazo. Nirudishe chini."

Tulikuwa hapo, jasho linatutoka, niliposikia ule mngurumo. Kiegesho cha hospitali kilikuwa kimejaa pomoni. Kile kiatu chekundu kikapita katikati ya magari, kikajibana kando ya ngazi kabisa, paa likiwa wazi. Mume wangu akashuka amevaa shati lake la harusi za watu. Alimwona dereva teksi. Alinitazama mimi. Alielewa, akamsalimia mama mkwe wake kwa heshima zote, kisha akasogeza kiti cha pili nyuma na kuondoa lile shuka.

"Mama, kwa ruhusa yako, utaingia kwa juu."

"Kwa juu wapi?"

"Juu pako wazi."

Wahudumu wawili na nesi walimnyanyua, wakamshusha taratibu kama sufuria ya moto. Katika gari la kawaida mtu hukaa kama yuko kwenye kiti cha kulia chakula, magoti yamekunjwa. Mle ndani mtu hukaa karibu na sakafu, miguu imenyooka mbele, na shimo la miguu ni refu kuliko unavyodhani. Mguu wa mama ukateleza kwenda mbele, ukaenda, ukaenda, ukatulia. Mume wangu akainama na futi.

"Inchi mbili na nusu zimebaki," akasema.

"Kumbe ni wewe!" akapiga kelele nesi. "Wa inchi!"

Watu kwenye ngazi walipiga makofi. Mama akajiweka sawa, akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akakunja uso.

"Mkwe wangu, kiti hiki umekishona wewe?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. "Nilikirekebisha kidogo, mama."

"Kimeinuliwa. Halafu hapa kiunoni kinanipwaya, na huku mabegani kinanibana. Na huu mto wa upande wa kushoto wa nini, chini ya nyonga? Nyonga yangu haina shida. Kilichovunjika ni mguu." Akapapasa ukingoni, akakuta kishikio cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi wa mkono, cha kushikilia mtu anapoinuka. Mama yangu si mjinga. Akaniangalia mimi, juu hadi chini, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. "Kiti hiki si changu," akasema. "Kina mwenyewe. Haya, nipeleke, nimrudishie kabla hajakasirika."

Ile Jumapili ya kwanza. Kugonga, kunyamaza, kugonga tena. Hakuwa amenipima, vipimo vyangu anavyo kichwani tangu gauni la harusi, na alikuwa amevibadilisha mwaka hadi mwaka bila kuniuliza. Na mimi wiki tano zote nilikuwa naligombeza shuka.

Ndipo likaja jambo la mabegi. Paa lilikuwa wazi, kwa hiyo buti hakuna. Mabegi mawili, magongo na ndoo ya siri vilikuwa bado kwenye ngazi, pamoja na mimi.

"Narudi kuvichukua," akasema mume wangu. Alisema akimtazama dereva teksi. Alijua, na mimi nilijua, kwamba mguu wa mama haukulishinda gari, lakini mabegi bado yangeweza. Nikinyanyua begi moja tu nikaliweka kwenye teksi, gari limeshindwa, na nina haki ya kuliuza. "Nipe dakika arobaini," akaongeza, akaondoka. Kwenye tuta la getini akapita upande upande, na mama nikamsikia akicheka hadi walipokunja kona.

Dereva teksi akafungua buti lake. Lilikuwa buti kubwa ajabu, unaweza kupangisha.

"Mama, twende zetu? Mzigo wote huu unaingia, na wewe unakaa kama malkia."

"Asante, baba. Nasubiri gari langu."

Nilikaa kwenye ngazi na ndoo ya mama mapajani. Hazikuwa dakika arobaini, zilikuwa hamsini na tano, na jua lilinipiga, na dereva teksi alinitazama kama vile nimefiwa. Mume wangu aliporudi paa lilikuwa limefungwa. Alipanga mabegi kwenye buti, magongo akayalaza kwa mshazari, ndoo akaiweka pembeni bila kuifunua. Kisha akanifungulia mlango, akasimama hapo, mikono nyuma, jinsi anavyosimama akimsubiri mteja anayetoka kuvaa nguo mpya kwa mara ya kwanza.

Nikakaa. Sikutumbukia. Kiti kilinipokea pale pale, na mto ukaingia chini ya nyonga yangu ya kushoto mahali ambapo kwa miaka ishirini na tatu sijawahi kumwonyesha mtu.

"Panabana wapi?" akaniuliza.

"Hapabani."

"Panapwaya?"

"Endesha gari, watu wanatutazama." Nililia mpaka tuta la tatu, naye aliyapita yote matatu upande upande, polepole.

Nyumbani nilishika kile kishikio nikainuka mwenyewe, bila mwanaume hata mmoja. Jumatatu shule zilifunguliwa, sare zote zimeshafika. Nilichukua kitambaa chenye maji nikafuta ukuta kando ya kioo. Halafu nikachukua chaki, nikaandika sharti jipya, herufi kubwa kama zile za kwanza: mtungi wa gesi usikae kwenye kiti changu.

Ataupeleka wapi, sijui. Futi anayo.